Kijiko, Kikombe, Chupa au Debe: Historia ya Marehemu Mwalimu Barnabas Ndeti Nyamai

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, Mwalimu Barnabas Ndeti Nyamai alifariki katika hospitali ya kaunti mjini Kitui, akiwa na umri wa miaka 63, miezi miwili na siku 27.

Familia imeniomba mimi, Nthenya, mtoto wa dada yake, niwasomee historia yake. Tarehe nimezitoa kwenye vyeti vyake, barua zake za kazi na kitabu cha kumbukumbu alichokiandika kwa penseli tangu mwaka 1985, na pale ambapo kitabu kilinyamaza nimewauliza waliokuwepo, na pale ambapo hata wao hawakukubaliana nimeacha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Ilikoni, Kanyangi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Nyamai Kilonzo na Mama Nthenya Nyamai, ambao wote wametangulia. Alianza darasa la kwanza mwaka 1970, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1976, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1980, na kwa miaka miwili iliyofuata akafundisha kama mwalimu asiye na mafunzo, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hakuna aliyemwuliza kama anajua kufundisha, walimwuliza tu kama anajua hesabu. Mwaka 1983 aliingia chuo cha walimu Machakos, akahitimu mwaka 1985 na cheti cha ualimu cha P1.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa karibu na Salama, ambako alifundisha kuanzia Septemba 1985 hadi Desemba 1990, kisha akahamishiwa Migwani kwa miaka mitatu, na mnamo Januari 1994 akaletwa hapa nyumbani, Shule ya Msingi ya Kavumbuni, ambako alikaa hadi kustaafu.

Alifunga ndoa na Mama Kanyiva Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kalunde aliyezaliwa mwaka 1989, Kimeu aliyezaliwa mwaka 1992, na binti aliyezaliwa na kufariki Agosti 1995 kabla ya kupewa jina. Mama Kanyiva ameomba huyo wa tatu asiachwe nje ya hesabu, na hajaachwa.

Sasa nafika mahali ambapo wengi mlitarajia nisome alama. Mwaka 1995 Mwalimu Ndeti alipewa hisabati ya darasa la nane, shule ikiwa na wastani wa 41 kwa mia, na katika mtihani wa Novemba 1996 wastani huo ulipanda hadi 59, wa kwanza katika kanda yetu ya elimu, wazazi wakachinja mbuzi wawili, na mwalimu mkuu wa wakati huo, Mwalimu Mutunga, ambaye yuko hapa leo, akambeba mabegani kuzunguka uwanja. Hayo ni kweli, na picha ipo.

Jinsi wastani ulivyopanda ni jambo ambalo marehemu alilieleza mwenyewe kila alipoulizwa, kwa hiyo simfichulii siri. Karatasi ya hisabati ilikuwa na maswali hamsini, kila swali lina majibu manne, na mtoto alitakiwa kupaka penseli kwenye moja tu. Mwalimu Ndeti alikaa na karatasi za miaka iliyopita akaona kwamba jibu kubwa kabisa na jibu dogo kabisa mara nyingi yalikuwa ya kupoteza watu, basi akawafundisha watoto mbinu aliyoiita kupepeta, yaani mtoto akikwama atupe kubwa, atupe dogo, yabaki mawili, achague moja. Walipepeta asubuhi kabla ya gwaride, walipepeta Jumamosi, na wale waliokuwa darasa hilo wanasema hadi leo wakisikia neno hilo wanaona ubao.

Mmoja wao alikuwa Mbaluka Nzau, aliyepata 68 katika hisabati. Hakuendelea na sekondari, akabaki nyumbani kumsaidia baba yake, Mzee Nzau, shambani. Mwishoni mwa mwaka 1997 ilinyesha mvua ambayo watu wa Kanyangi hawakuwa wameiona kwa miaka mingi, ndengu zikachanua kila mahali, wadudu nao wakaja, na Jumatatu tarehe 8 Desemba Mzee Nzau akamkabidhi kijana wake bomba la kupulizia na chupa ya dawa ya lita moja, akamwambia, wewe ndiye msomi, soma.

Kibandiko kilisema lita moja ya dawa inatosha lita elfu mbili za maji, na bomba lao lilibeba lita ishirini. Mbaluka alikaa chini akapiga hesabu kwa kijiti kwenye udongo, tarakimu ikatoka moja, lakini hakuwa na hakika nukta inakaa wapi, kwa hiyo akaandika majibu manne, lita 1, lita 0.1, lita 0.01 na lita 0.001, akatupa kubwa, akatupa dogo, yakabaki mawili, akachagua moja. Alichagua 0.1. Ilikuwa mara kumi ya kipimo. Alipulizia eka moja kwa bomba kumi, chupa ikaisha jioni hiyo, na kufikia Alhamisi shamba lote lilikuwa limeungua, katika msimu ambao hata mvivu alivuna.

Mzee Nzau hakwenda kwa aliyemuuzia dawa. Alibeba mashina yaliyoungua kifuani, akaja hadi kwa Mwalimu, akayaweka mezani familia ikiwa inakula, akasema, "Mwalimu, mtoto wangu alipata sitini na nane. Niambie, sitini na nane ni ya nini?"

Mbaluka aliitwa, akasimama mlangoni, na Mwalimu akamwuliza alifikaje kwenye jibu lile, na kijana akaeleza kupepeta hatua kwa hatua, bila kukosea neno, kama alivyofundishwa. Kitabu cha kumbukumbu siku hiyo kina sentensi moja. "Ameeleza vizuri kuliko mimi."

Msimu huo Mwalimu Ndeti alimpelekea Mzee Nzau nusu ya ndengu zake, na Mzee Nzau akazipokea bila kusema asante, na hakusema naye tena hadi alipofariki mwaka 2009. Mwalimu alihudhuria mazishi yale na kukaa nyuma.

Januari 1998, shule ilipofunguliwa, aliomba aondolewe darasa la nane na kupewa la nne. Mwalimu Mutunga ananiruhusu nirudie alichomwambia, "Ndeti, watu wanaomba kupanda, wewe unaomba kushuka? Umelogwa?" Naye akajibu kwamba huko juu amefika akakuta amechelewa, darasa la nne ndipo mtoto anapokutana na nukta kwa mara ya kwanza, na anataka awe hapo wakikutana.

Alikaa darasa la nne miaka ishirini na minne. Alikusanya chupa tupu, vijiko, vikombe na madebe, na kabla mtoto hajaruhusiwa kushika penseli alitakiwa kwanza kujibu swali moja, darasa zima likisikia, "Kijiko, kikombe, chupa au debe?" Yaani jibu litakalotoka ni la ukubwa gani, linaweza kukaa ndani ya nini. Ukishasema kijiko, halafu hesabu yako ikatoa debe, hakukuwekea alama ya kosa, alikwambia tu, "Onyesha," na wewe ukachukua chombo ukamimina mbele ya wenzako hadi ukaona mwenyewe. Somo ambalo kitabu cha shule kililitengea siku moja, yeye alilitengea wiki. Watoto walimwita Mwalimu Kijiko, na walimu wenzake, nao wapo hapa, walimwita hivyo pia alipotoka katika chumba cha walimu.

Mwaka 1999 mvua ilikatika, na Mama Syombua, ambaye watoto wake watano walipita mikononi mwa marehemu, alikuja shuleni na mtungi mgongoni akasimama dirishani akauliza, "Mwalimu, maji tunayabeba kilomita sita, na wewe unawapa watoto wayachezee?" Mwalimu alitoka akamtua mtungi, akamwomba radhi, na kuanzia kesho yake darasa likamimina mchanga wa mtoni. Mama Syombua ameniambia juzi kwamba alirudi nyumbani akijuta, kwa sababu watoto walianza kuja na mchanga kwenye mifuko ya kaptura na yeye ndiye aliyefua.

Kushuka kulikuwa na gharama yake, na familia imeniomba niitaje bila kumlaumu mtu. Wastani wa darasa la nane ulirudi 44, kisha 42. Katika mkutano wa wazazi wa mwaka 2004 mzee mmoja alisimama akasema shule ina ng'ombe wa maziwa aliyefungwa zizi la mbuzi, na wazazi wakapiga kura arejeshwe darasa la nane, naye akakataa, na tangu hapo akahesabiwa kuwa mkaidi. Nafasi ya naibu mwalimu mkuu ilitangazwa mara tatu, mara tatu aliomba, mara tatu alipewa mtu mwingine, wawili kati yao aliwafundisha yeye. Nyumbani Mama Kanyiva alimwambia, "Baba Kalunde, chupa zimejaa hadi jikoni, na hakuna hata moja yenye kitu ndani." Alicheka. Kimeu anasema hakumbuki kumwona babake akija nyumbani akiwa hajachoka.

Lakini jambo alilolitaka zaidi halikuwa unaibu. Mbaluka alikuwa ameondoka nyumbani mapema mwaka 1998, akaenda Salama kupakia na kupakua mizigo kando ya barabara kuu, baadaye akawa msaidizi wa fundi wa mawe. Mwalimu alikuwa akiijua Salama tangu ujana wake, na alikwenda huko kumtafuta, si kumwomba msamaha tu, alitaka kukaa naye amfundishe ile hesabu upya. Kitabu kina safari hizo. Agosti 1999, "Salama. Hayuko." Desemba 2001, "Salama. Hayuko." Aprili 2004, "Salama. Wanasema ametoka sasa hivi." Agosti 2007, "Salama. Yuko. Hakutaka."

Nimemwuliza Mbaluka juu ya ile ya mwaka 2007, na amekubali niyasome maneno yake. Alikuwa juu ya ukuta, akamwona Mwalimu amesimama chini na kofia mkononi, akamwambia mbele ya mafundi wenzake, "Mzee, mimi sina swali. Rudi kwa watoto." Mwalimu alimwambia ukuta umenyooka, akaondoka. Safari nyingine haikuandikwa.

Jumapili tarehe 15 Aprili 2012, baada ya ibada, Mbaluka alifika mwenyewe kwa Mwalimu, akiwa na miaka thelathini na kalamu ya fundi sikioni. Shule ya Kavumbuni ilikuwa imempa kazi ya kujenga tangi la maji la mviringo, la lita elfu kumi. Alisimama mlango ule ule, akasema, "Mwalimu, wamenipa tangi. Kuta najua, lakini lita zinaingiaje kwa futi, hapo sijui nianzie wapi. Na nimechoka kuuliza watu wanaobahatisha kama mimi."

Mwalimu alimkaribisha, akamwambia, "Kabla ya tangi, tuanze na ndengu."

Mama Kanyiva alikuwa akichambua maharagwe na aliona yote. Mwalimu aliweka mezani chupa ya lita moja yenye maji, na madumu mawili ya lita ishirini, akamwuliza, "Bomba moja linataka kijiko, kikombe, chupa au debe?" Mbaluka, ambaye hakuwahi kuketi katika darasa lile la nne, alisema chupa moja lazima itoshe mabomba mia, basi haiwezi kuwa kikombe, ni kijiko. "Onyesha." Akachukua kifuniko cha chupa, akamimina viwili, mililita kumi, akaziangalia zikiwa zimekaa ndani ya kikombe, chini kabisa.

"Kidogo hivi, Mwalimu?"

"Kidogo hivyo."

"Baba alikufa akijua nilikuwa mjinga."

"Hukuwa mjinga. Ulinifuata mimi."

Kisha wakaanza tangi, na iliwachukua Jumapili tano. Tangi lile liko nyuma ya madarasa ya chini. Niliandika kwanza kwamba halijawahi kuvuja, nikasahihishwa, lilivuja mara moja mwaka 2016, likazibwa na aliyelijenga.

Mtaala ulipobadilika na kufika darasa lake mwaka 2020, Mwalimu alipelekwa kwenye semina, na kijana mwenye kipaza sauti akawaonyesha walimu jinsi ya kufundisha ujazo kwa chupa na mchanga. Mwalimu alikaa siku zote akaandika maelezo. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Leo nimefundishwa chupa," akaomba chai, akalala kabla haijaiva.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2022. Darasa alimwachia Mwalimu Isnino Abukar, aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka Garissa mwaka uliotangulia, na ambaye siku ya makabidhiano aliuliza mwongozo wa mwalimu uko wapi, akajibiwa hakuna mwongozo, kuna mchanga. Mwalimu Isnino aliwahi kumpigia simu kumlalamikia, "Mwalimu, watoto wanasema mimi namimina vibaya, ati Kijiko hakumwaga nje," na akashauriwa amwage makusudi ili wao wapime kilichopotea. Vyombo vile bado vinatumika.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari mwaka 2014, akaishi nao kwa utaratibu, na Oktoba 2023 figo zikashindwa. Kuanzia hapo alikwenda Kitui kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, akiondoka Kanyangi alfajiri na kurudi jioni, kwa miezi ishirini. Daktari alimruhusu nusu lita ya kinywaji kwa siku, chai na uji vikiwemo. Kila asubuhi alipima nusu lita hiyo katika chupa moja ya darasani aliyokuwa amebaki nayo, akaiweka dirishani, na siku nzima akawa anaiangalia. Kalunde alimwambia aongeze kidogo, hakuna atakayejua. Alimwambia yeye atajua.

Ijumaa tarehe 6 Juni alizidiwa, akalazwa. Jumapili alitembelewa na Mama Kanyiva, watoto wake wawili, Mwalimu Mutunga na Mbaluka. Alimwuliza Mbaluka anajenga nini sasa, akaambiwa choo cha shule ya Migwani, akauliza mashimo ni ya futi ngapi, akaambiwa, akatikisa kichwa kukubali. Jumatatu alisafishwa damu kwa mara ya mwisho. Jumanne, kwa saa niliyoitaja mwanzoni, moyo ulisimama.

Ameacha mjane mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, na watu wa rika mbalimbali ambao wakisoma kibandiko cha dawa husimama kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimvumilia alipowauliza kipimo cha kila kitu, dereva aliyempeleka Kitui alfajiri zote zile na hakuwahi kuchelewa, majirani wa Ilikoni waliolima shamba lake misimu mitatu, kanisa, walimu wa Kavumbuni wa zamani na wa sasa, na Mama Syombua, aliyeleta maji ya leo bila kuombwa.

Mjomba, ulifanya kazi hadi ukachoka, na uchovu wako tuliuona. Sasa kaa chini, pumzika.

Kaburi limechimbwa na mafundi wanne wakiongozwa na Mbaluka Nzau. Seremala alimpa vipimo vya jeneza kwa simu, akavikataa, akaenda kulipima mwenyewe. Jana Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025, saa kumi na nusu jioni, alishuka ndani na futi ya chuma akapima urefu, upana na kina, akapanda akaandika, akashuka akapima mara ya pili. Vipimo vilitoka sawa.